Kandarasi ya Fundi Mmoja

Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, lakini karani wa Bwana Injinia wa Serikali alikuwa ameipigia taipu tafsiri ya Kiswahili, kwa hiyo niliweza kumsomea mjomba. Tulikuwa karakanani kwetu Ngamiani, mjomba amekaa juu ya boksi la misumari, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, maana kusikiliza, alisema, hakuhitaji macho. Nikasoma polepole. Mimi shule niliishia darasa la sita, na maneno ya Serikali yana mikia mirefu. Ilisema kwamba kazi ya kutunza injini ya jeshi iliyoko rasini, kusini ya Tongoni, haitatangazwa wala haitashindaniwa kama zinavyoshindaniwa kazi nyingine. Atapewa fundi huyu peke yake, kwa kuwa imethibitika hakuna mwingine aiwezaye. Kila mwaka Bwana Injinia atafika, na fundi atatamka mbele yake kuwa bado hakuna mwingine. Siku akipatikana mwingine, hasa mtu wa jeshi lenyewe, kandarasi imekwisha.

"Rudia hapo pa mwisho," mjomba akasema.

Nikarudia.

"Hapo ndipo penye mwiba." Akashusha miwani. "Haya, nipe kalamu."

Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, ndizo alizosoma utotoni katika chuo cha Kurani. Karani aliyeileta akaigeuza karatasi mara mbili kutafuta jina linaanzia wapi.

Watu wa Ngamiani walilipokea jambo hilo kwa namna yao. Muuza kahawa wa kona yetu alinisimamisha asubuhi ile ile. "We kijana, nasikia Serikali imemwoa mjomba wako, tena kaandikiwa hana mke mwenza!" Watu wakacheka mpaka vikombe vikamwagika, nami nikacheka zaidi yao, maana nilikuwa na furaha. Kwetu hapakuwahi kuingia karatasi yenye muhuri isipokuwa ya kodi.

Injini ilikuwa ya Mdachi. Kabla ya vita vya kwanza ilikuwa ikizungusha mashine ya katani shambani. Vita vya pili vilipokuja jeshi likaing'oa, likaipeleka rasini ili itoe umeme wa simu ya upepo, wapate kusikilizana na manowari. Vita vikaisha, simu ikabaki. Injini nayo ikazeeka, ikawa na maneno. Waliletwa mafundi kutoka Mombasa na Dar es Salaam, mmoja ana sanduku la spana zinazong'aa kama vijiko vya bibi harusi. Walifungua, wakafunga, ikawaka ikakohoa ikazima. Mwisho mtu mmoja wa reli akamkumbuka mjomba, ambaye enzi za Mdachi alijifunza kazi katika karakana ya reli kabla hajaota ndevu. Mjomba akaenda na mwiko wa jikoni. Akaweka upande mmoja wa mwiko juu ya chuma, upande wa pili sikioni, akasikiliza kama mganga anayesikiliza tumbo. Kisha akaomba maji ya kunywa, wakadhani ya kunywa yeye.

Ndiyo siri yote, na leo naweza kuisema kwa kuwa si siri tena. Injini ile ilikuwa na kichwa cha chuma kinachochomwa kwa taa ya moto mkali mpaka kiwe chekundu, ndipo unalisukuma gurudumu kubwa na kuondoka mbele yake upesi. Ikishawaka, lazima inyweshwe matone ya maji, moja moja, kwa kibomba kidogo cha ubavuni. Asubuhi matone machache. Jua likipanda unaongeza. Upepo wa bahari ukiingia unapunguza. Yakizidi inakohoa, yakipungua inagonga kama mtu anayevunja mlango, na mlango wenyewe ni pistoni. Hakuna kitabu kilichoandika matone mangapi. Hesabu yake ilikuwa katika sikio la mjomba, na mwaka ule akaanza kuitia katika langu.

Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kukaa kule. Akanituma mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilikwenda kama mtu anayekwenda Hija. Ndani ya kapu langu, chini ya shuka, nilikuwa na michoro yangu niliyoichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji: mashine ya kukuna nazi za harusi nzima kwa mara moja, mashine ya kufua nguo kwa nguvu ya mawimbi, na moja ambayo mpaka leo sijui ingefanya nini ila ilikuwa na magurudumu mazuri. Nilidhani huko rasini nitapata utulivu wa kufikiri.

Utulivu nikaupata. Lahaula, nikaupata mpaka ukanitosha.

Kibanda changu kilikuwa nje ya seng'enge, kwa kuwa mimi ni raia. Nyumba ya injini ilikuwa ndani. Alfajiri nafunguliwa geti, nawasha. Baada ya isha nazima, natoka. Askari walikuwa wachache na walibadilishwa kila baada ya majuma machache, na amri ilikuwa wasizungumze na raia. Chakula chao chao, changu changu. Kijiji cha karibu kilikuwa mwendo wa saa moja, na mimi sikuweza kuiacha injini saa moja. Mjomba alikuja kwa basi la Pangani kila Alhamisi ya pili, akasikiliza kwa mwiko wake, akasema "Naam," akaondoka na basi la jioni.

Nitasema jambo dogo. Sikujua kupika wali wa mtu mmoja. Kwetu hajapata mtu kupika wa mmoja, hata sufuria ya kadiri hiyo hatuna. Mkono wangu ulipima wa watu sita kila siku, na kila asubuhi nikala kiporo nikiwa nawaza wale watano wako wapi. Nilikuwa naimba nikifanya kazi, si kwa furaha tu, nilikuwa naimba ili nisikie mtu. Na kila alfajiri, kwa kuwa injini ilikuwa na umri mkubwa kuliko mjomba, niliiamkia. "Shikamoo mzee." Nikangoja kidogo, kwa adabu, kisha nikawasha taa ya moto.

Mwaka ukapita. Bwana Injinia akaja na gari lake, akaweka meza ndani ya nyumba ya injini, akauliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Fundi, yuko mtu mwingine awezaye kazi hii?" Mjomba akajibu, "Hayuko." Nami nimesimama pembeni yake, mikono ina grisi mpaka viwikoni, na asubuhi ile ni mimi niliyeiwasha.

Msidhani mjomba alisema uongo. Kwetu mafundi, mtu akiingia kujifunza hutoa ada inayoitwa ufito, na akihitimu hutoa kilemba. Hununua kitambaa, huleta na halua na kahawa, na mwalimu akikifunga kichwani mwake mbele ya watu, basi umefunguliwa, wewe ni fundi. Kabla ya hapo, hata ukiunda meli iruke angani, wewe mwanagenzi, huhesabiwi. Mimi nilikuwa sijatoa kilemba. Kwa hesabu ya mjomba alikuwa mmoja kweli, na moyo wake ulikuwa safi.

Lakini nilielewa jambo ambalo hatukulisema. Siku nitakayotoa kilemba, neno lake kwa Serikali litakuwa uongo. Na kandarasi ile ndiyo iliyoishikilia karakana, maana wenye magari na wenye mashamba walikuwa wakituletea kazi kwa sababu ya jina la yule fundi wa jeshi. Kwa hiyo sikununua kitambaa. Na mjomba, ambaye alikuwa akiwakumbusha wanagenzi wote ada zao kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, mimi hakunikumbusha.

Mwaka wa pili, habari za vita vya msituni Kenya zikawa nyingi, na amri ikatoka injini iwekewe mlinzi mchana kutwa. Akaletwa askari mmoja asiyebadilishwa kama wengine, mrefu, mwembamba, akasimama mlangoni kama mlingoti. Siku ya kwanza nikamsalimu, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu sikumsumbua, nikaigeukia injini kama kawaida yangu.

"Shikamoo mzee."

Nyuma yangu sauti nzito ikasema taratibu, "Marahaba."

Nusura niangushe taa. Nikageuka, yeye anatazama mbele, uso mkavu, ila mabega yanamtetemeka.

"Kumbe unasema!"

"Nimekatazwa kusema na raia," akajibu bila kunitazama. "Sikukatazwa kuitikia kwa niaba ya mzee. Naona yeye ana shughuli."

Tukacheka mpaka kopro wa kituo akachungulia. Kutoka siku ile tulizungumza, yeye akitazama nje, mimi nikitazama chuma, kama watu wawili waliogombana. Alikuwa Mshambaa wa huko juu kupita Lushoto, Mlutheri, na utotoni alipiga tarumbeta katika bendi ya misheni. Tukawekeana utani.

"Nyie watu wa pwani," alisema, "mvua ikiwanyeshea mnahesabu mmeoga."

"Na nyie wa milimani, siku ya kwanza mkiiona bahari mnauliza nani kasahau kufunga bomba."

"Mimi niliuliza kweli," akasema, na nafikiri aliuliza.

Nikaanza kumpelekea wali. Mkono wangu bado ulipima wa watu sita, lakini alikuwa akila wa watatu, kwa hiyo tukakaribia.

Adhuhuri moja akaniambia, "Fundi, mzee ana homa."

Nikasikiliza. "Mzima kabisa."

"Pigo la nne linachelewa. Nusu ya pumzi."

Nikamcheka. Haikufika muda wa kunywa kahawa, injini ikaanza kugonga. Nikarukia kibomba, nikaongeza matone, ikatulia. Nikamtazama yule mtu kwa macho mapya. Mimi ilinichukua mwaka mzima kulisikia pigo lile likishachelewa. Yeye alilisikia linapojiandaa kuchelewa.

"Nani kakufundisha?"

"Mchungaji wetu. Ukichelewa nusu ya pumzi katika tarumbeta, anasimamisha bendi nzima na kukutazama wewe tu. Afadhali kupigwa."

Sikukusudia kumfundisha. Ulikuwa mchezo. Yeye anakisia matone, mimi naangalia. Akipatia namwongezea nyama, akikosa ananisimulia kisa cha kwao. Visa vikapungua, nyama ikaisha. Baadaye, asubuhi ambazo kopro alikwenda kuoga, nilimwacha ashike kibomba mwenyewe. Mara moja alilisukuma gurudumu. Sikuwaza habari ya karatasi. Au niliwaza, nikajiambia yeye si mwanagenzi, hana ufito wala kilemba, ni mtu anacheza tu.

Kisha dereva wa basi la Pangani akasimama barabarani, akapiga honi ndefu na kuita. "We mpwa wa fundi! Kwenu wanasema bibi hali chakula tangu juzi!"

Bibi ndiye mama wa mjomba, na ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama yangu alifariki mimi sijaanza kutembea. Nikasimama katikati ya nyumba ya injini na tambara mkononi. Sikujua nishike nini.

"Nenda," askari akasema.

"Na hii?"

"Nimesimama hapa kutwa bila kazi. Nitaongeza kazi."

"Na kopro?"

"Kopro anataka simu iseme. Simu ikisema, kwake hata kama kawasha nyani ni sawa. Nenda, mtani. Basi haliwezi kungoja huruma yako."

Nikampa mambo yote pale pale, kwa haraka, nikitembea naye kuzunguka injini: namna ya kulirudisha gurudumu nyuma kidogo mpaka ligome, usisimame mbele yake, matone ya asubuhi, matone ya upepo, ukisikia harufu ya rangi inayoungua funga mafuta. Akairudia yote bila kosa. Nikakimbia.

Nilimkuta bibi yu macho. Nilimlisha uji kwa kijiko, vijiko vitatu. Akanishika kidole na kuniuliza, "Huko wala na nani?"

"Nala na watu wengi, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Siku ya pili yake, Ijumaa, akafariki, nami nimekaa kitandani kwake. Wajukuu wake wengine wanne walifika baada ya mazishi.

Makaburini mjomba aliniuliza, udongo bado umo mikononi mwake, "Injini umemwachia nani?"

"Nimeiacha salama, mjomba."

Alikuwa anazika mama yake. Hakuuliza tena.

Niliporudi rasini nilisikia kutoka barabarani: tu, tu, tu, tu, imetulia kuliko nilivyokuwa nikiituliza mimi. Askari alikuwa mlangoni, anatazama nje. Nikamwambia bibi amekwenda. Hakusema pole. Aliimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani kwao, wa Kishambaa, sikuelewa hata neno moja, nami nikakaa chini nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Baada ya hapo nilimpenda kama ndugu, na ndiyo maana nilimwambia mambo yetu yote. Nilimsimulia habari ya ufito na kilemba, na kwamba mimi sijahitimu, na kwamba asiyehitimu hawezi kupokea ada ya mtu. Nilimsimulia kama mtu anavyosimulia mila za kwao, kujifurahisha. Habari ya karatasi, na sababu ya mimi kutohitimu, sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu, na nimelizunguka mara nyingi kama nilivyokuwa nikiizunguka injini, sijaona pa kuliegemezea kwa mtu mwingine.

Ikafika siku ya Bwana Injinia, mwaka wa tatu wa kandarasi. Mjomba alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono. Meza ikawekwa. Askari wangu siku hiyo alikuwa mapumzikoni, mlangoni kasimama mwingine, nikashukuru moyoni, maana sikutaka awepo likiulizwa lile swali.

Bwana Injinia akafungua kalamu. "Fundi, yuko mtu mwingine awezaye..."

Hapo mlango ukafunikwa na mtu mrefu. Amevaa sare iliyofuliwa, viatu vinang'aa, na mikononi amebeba kitu kilichofungwa kwa gazeti, amekishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Akampigia saluti Bwana Injinia. Kisha akavua kofia, akapiga goti mbele ya mjomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mwanafunzi wa mwanafunzi wako. Yeye hajahitimu, hawezi kupokea ada yangu. Nimeona basi niilete kwa mwenye elimu mwenyewe. Mwezi ujao tunahamishwa kwenda Kenya, na mimi sitaki kwenda vitani na deni la mwalimu." Akalifungua gazeti. Kilikuwa kitambaa cheupe, kizuri, alikwenda kukinunua Pangani. "Halua sikuipata nzuri. Nimeleta tende."

Injini ikaendelea kupiga. Bwana Injinia akamtazama askari, akanitazama mimi, akauliza taratibu, "Mwanafunzi wa kazi gani?"

Mjomba alikuwa ananitazama. Nimeona macho ya mjomba yakikasirika, nimeyaona yakicheka, lakini yale sikuwahi kuyaona. Yalikuwa yanasoma, kama anayesoma ile karatasi kwa mara ya kwanza bila mimi. Angeweza kusema, kijana huyu anatania, rudi kambini. Lakini kwetu kukikataa kilemba ni kusema hakuna kilichofundishwa, na mtu yule amepiga goti.

Mjomba akainuka. Akaenda kwenye injini, akafunga mafuta. Gurudumu likapungua, likapungua, likasimama. Kimya kilichoingia mle ndani sikuwahi kukisikia mchana. Kutoka chumba cha simu mtu akapiga kelele kuuliza kuna nini.

"Haya," mjomba akamwambia askari. "Iwashe."

Hapo nilimwomba Mungu ashindwe. Nasema kweli. Nilimkodolea macho, nikatikisa kichwa kidogo, nikamfanyia kila ishara ambayo mtu anaweza kuifanya kwa uso. Alinitazama, akaniona, akadhani namtia moyo. Akanitabasamia.

Akawasha taa ya moto. Akakichoma kichwa cha injini mpaka kikawa rangi ya damu, kisha ya embe bivu. Akalirudisha gurudumu mpaka likagoma, akaliachia, akaondoka mbele yake upesi. Ikashika kwa mara ya kwanza. Akaweka mkono kwenye kibomba, akafumba macho, akahesabu matone kwa midomo. Mapigo manne ya mwanzo yalikuwa mazito. Akageuza kidogo tu, upana wa ukucha, na injini ikalainika ikaenda kama mtoto anayenyonya.

Mjomba hakutoa mwiko. Alisimama, kichwa ameinamisha upande, akasikiliza kwa sikio tupu. Akavua kofia yake ya vito, akanipa niishike. Akakichukua kile kitambaa, akakifunga kichwani, mizunguko mitatu, taratibu, akachomeka ncha.

"Andika," akamwambia Bwana Injinia. "Wako watatu. Mimi, na mpwa wangu huyu, na askari huyu."

"Fundi, unaelewa unachosema?"

"Naelewa tangu siku niliposomewa."

"Mpwa wako mwaka jana hukumhesabu."

"Kilemba chake sijakivaa mpaka leo," mjomba akasema. "Lakini huwezi kupata mjukuu kabla hujapata mwana."

Bwana Injinia hakuwa mtu mbaya. Alikaa na kalamu hewani kwa muda, nafikiri alikuwa anatafuta pa kupitia. Karatasi haikuwa na pa kupitia. Akaandika. Askari bado alikuwa karibu na injini, anatabasamu, jasho linamtiririka. Hakujua amefanya nini mpaka jioni, nilipokuja kukusanya vitu vyangu kibandani. Nikamwambia mwenyewe. Alikaa kwenye kizingiti changu, kwa mara ya kwanza nje ya seng'enge, akashika kichwa.

"Mbona hukuniambia, mtani?"

"Sikutaka ujue kwamba kwenye karatasi yetu hutakiwi kuhesabiwa."

Ndani ya basi mjomba alikaa na kilemba chake kichwani, tende mapajani. Tulipopita Tongoni nilimgeukia.

"Nisamehe, mjomba."

"Umenikosea nini?" akasema akitazama nje. "Umefundisha vizuri. Ndilo kosa lenyewe."

Sasa tunatengeneza baiskeli. Ngamiani baiskeli haziishi, alhamdulillahi, na majiko ya mkaa, na kufuli za milango. Jiriwa kubwa ya kubania vyuma tuliiuza. Wenye magari wanakwenda kwa mafundi wengine, wale wa sanduku la spana. Kilemba changu nilikitoa mwezi ule ule, mjomba akakivaa, halua ikaliwa, muuza kahawa akasema sasa Serikali imempa mjomba wangu talaka. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nyumbani, katika mtaa wenye watu kila mlango, na kitanda cha bibi kimekunjwa kimesimamishwa ukutani, na nikagundua kwamba upweke sikuuacha rasini, niliubeba ndani ya kapu pamoja na michoro.

Askari hakupelekwa Kenya. Jeshi halikuweza kumwachia mtu anayeijua injini. Wenzake walikwenda, wakaja wengine, yeye akabaki. Aliniandikia barua kwa penseli. Alikuwa ameomba likizo ya Krismasi aende kwao milimani, mama yake amezeeka, akajibiwa hapana, kwa kuwa hakuna mwingine. Akaomba ya Pasaka, hapana. "Nami hawaniruhusu kufundisha mtu," aliandika, "wanasema mpaka ije amri. Ninapika wali, mtani. Sijui kupima."

Nilimsomea mjomba barua ile. Akasema, "Kesho nenda ukamshikie zamu siku tatu, aende kwao." Nikachukua mikate ya mofa na samaki wa kukaanga, nikapanda basi la Pangani, moyo unaniruka kama siku ile ya kwanza. Njia nzima nilikuwa najipangia: nitamwambia nenda, mtani, basi haliwezi kungoja huruma yako.

Getini alikuwepo mlinzi nisiyemjua.

"Una kazi gani humu?"

"Nimekuja kumpokea mtu wa injini. Siku tatu tu. Mimi ni fundi wa injini hii."

"Una karatasi?"

"Nilikuwa nayo."

"Ya sasa?"

"Ya sasa sina."

"Basi huna."

Nikamwomba aniitie tu mwenyewe aje seng'engeni tuonane. Akasema haruhusiwi kuondoka kwenye injini, hakuna wa kumpokea. Nikasema mimi ndiye wa kumpokea. Akanitazama kwa huruma, alikuwa kijana kama mimi, akapokea mikate na samaki, akaahidi kuvifikisha. Nikaita jina lake mara mbili. Injini ilikuwa karibu, ilipiga juu ya sauti yangu. Nikasimama mpaka basi la kurudi likapiga honi.

Mjomba alikuwa karakanani, ananyoosha gurudumu la baiskeli lililopinda.

"Umemwona?"

"Sikumwona."

"Injini umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Inasemaje?"

"Nzima kabisa," nikamwambia. "Haichelewi hata kidogo."

Akatikisa kichwa. Akalizungusha lile gurudumu, tukalitazama sote wawili mpaka likasimama.